"Ni Utani Tu, Madam": Kisa cha Darasa Moja la Tanga na Simulizi za Manusura wa Rwanda

Kisa hiki nimewaandikia walimu wenzangu wa Historia na Uraia, na mwalimu yeyote wa malezi aliyewahi kuletewa mtoto anayelia asiyetaka kusema kwa nini. Jina la shule, kata na mwaka nimeviondoa. Wanafunzi nimewapa herufi, na mambo ya kifamilia nimeyageuza kidogo ili hata jirani wa mlango wa pili asiwatambue. Makosa sikuyageuza, maana mengi ni yangu.

Usuli

Shule ni ya serikali, ya kutwa, nje kidogo ya Jiji la Tanga. Wanafunzi wanatoka pande mbili. Wapo wa mitaani, watoto wa wavuvi, mafundi, makuli wa bandarini na waendesha bodaboda: Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa, na watu wa bara waliohamia zamani. Wapo na wa mashambani, wanaokuja kwa miguu kila asubuhi kutoka kambi za mkonge, viatu mkononi siku za mvua. Mkondo wangu wa Kidato cha Tatu ulikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini.

Asiye mtu wa Tanga anahitaji kulijua neno moja: manamba. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa miongo mingi wakataji wake waliandikishwa mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Msumbiji, na nchi iliyokuwa ikiitwa Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo. Kila mmoja alipewa namba. Kwa namba hiyo aliitwa kazini, kwa namba hiyo alipokea posho, na mwishowe watu wa mjini wakawaita wote kwa jina hilo. Vitukuu vyao leo wanasema Kiswahili kilekile cha Tanga, wanakula mkate wa kumimina kama sisi, na wengi hawajui lugha nyingine yoyote. Neno limebaki.

K alikuwa msichana wa kambini, akiishi na bibi yake. Akiingia darasani, mtu wa madawati ya nyuma hutaja namba. "Mia nne na kumi!" Darasa linacheka. Siku moja monita, akiita mahudhurio, alifika kwenye jina lake akasoma namba badala ya jina. Nilikuwepo. Nilidhani ni namba ya mtihani, nikaendelea kufuta ubao.

Yaliyotokea

K aliacha kuja. Wiki ya pili bibi yake alikuja shuleni, akanikuta chini ya mwarobaini nasahihisha madaftari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuuliza. Hapa mnaandikisha watoto au mnaandikisha manamba?"

Tulichofanya kwanza ndicho ambacho shule nyingi zingefanya. Mwalimu wa nidhamu aliwaita vijana watatu, akawapa adhabu ya kufyeka nyasi uwanjani. Walipoulizwa, J, aliyekuwa kinara wao, alijibu kwa upole kabisa: "Ni utani tu, Madam. Sisi huku tunataniana." Walifyeka siku tatu. K akarudi. Namba zikaacha kutajwa kwa mdomo, zikawa za vidole: vinne, kimoja, ngumi. Kwa vidole huwezi kumshika mtu.

Wakati huo Aprili ilikuwa inakaribia. Tarehe 7 Aprili Umoja wa Mataifa huadhimisha kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, na mimi nilikuwa na bahasha ya simulizi za manusura nilizozikusanya tangu chuoni, zote walizozitoa wenyewe hadharani. Nikajiambia hawa vijana wakisikia chuki inafikisha watu wapi, vidole vitashuka. Mkuu wa shule alinisikiliza, akasema, "Mwalimu, hilo Baraza la Mitihani hawaliulizi." Akanipa kipindi cha debate, Jumatano, mara nne.

Jumatano ya kwanza niliharibu. Nilichagua simulizi inayoanza usiku wa mauaji. Niliisoma kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari na ndivyo ilivyochapishwa. Nikaonyesha na picha kwa kompyuta yangu: mafuvu yamepangwa kwenye rafu za kanisa. Msichana mmoja wa mbele alishikwa na kizunguzungu akatolewa nje. Nyuma walicheka, kicheko kile cha watoto walioona kitu kikubwa kuliko wao. Nilipouliza wamejifunza nini, mikono ikanyooka mingi. Wanyarwanda ni wakatili. Ukabila ni mbaya. Tanzania ni kisiwa cha amani, Mwalimu Nyerere alishaumaliza ukabila. Darasa likapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga pia.

Kesho yake K alikuwa na jina la pili. Mtu alikuwa ameshakumbuka kwamba babu wa bibi yake alitoka Urundi. Wakamwita "Mhutu", kabila la wengi wa waliofanya mauaji yale, na mwingine akamuuliza panga amelificha wapi.

Nililia siku hiyo, chooni, kama mwanafunzi. Jina lile walilipata kwangu.

Tulivyoanza upya, na kwa nini

Nilikwenda kambini Jumamosi kuomba radhi. Bibi alinikaribisha uji, akanisikiliza hadi mwisho, akasema maneno machache: "Mwanangu, wewe umewapeleka makaburini watu wasiowajua. Utamlilia vipi mtu hujawahi kumwona akiteka maji?" Mpango wote wa masomo yaliyofuata ulitoka kwenye sentensi hiyo, ingawa kwenye andalio la somo niliandika maneno ya kitaalamu zaidi.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa lugha. Nilikaa usiku tatu kutafsiri simulizi moja kwa Kiswahili, kwa mkono. Mwalimu wa taaluma hakupenda. Hoja yangu ilikuwa kwamba hakuna mtoto wa Tanga anayedhihakiwa kwa Kiingereza, basi na huruma haiwezi kumfikia kwa Kiingereza. Hata neno lenyewe la somo lilinipa shida. "Ubaguzi" ni kitendo. Nilitaka kile kinachotangulia, kabla mkono haujafanya kitu. Mwalimu wa maarifa ya Uislamu, ofisini, ndiye aliyenipa: dhana mbaya, kumdhania mtu vibaya. Watoto walilijua tangu madrasa.

Wa pili ulikuwa mahali pa kuanzia. Nilikata kurasa zote za mauaji nikabakiza maisha ya kabla: mtoto wa kike wa shule ya msingi, mbuzi wa nyumbani, shamba la maharagwe, jirani anayeazima jembe na kulirudisha likiwa limenolewa. Kisha siku ambayo mwalimu anaamuru darasani Wahutu wasimame, halafu Watutsi wasimame. Mtoto hajui asimame lini. Anakwenda nyumbani kuuliza yeye ni nani. Kisa cha namna hiyo wamekisimulia manusura wengi, kwa sababu shuleni Rwanda watoto waliandikwa kwa makundi, kama ambavyo vitambulisho vya watu wazima viliandikwa kundi tangu Wabelgiji walipovianzisha miaka ya 1930.

Wa tatu ulikuwa kuficha nchi. Sikutaja Rwanda wala 1994, na majina ya makundi niliyaita "wa kwanza" na "wa pili". Mwenzangu mmoja aliona ni hila. Pengine ni hila. Lakini nilikuwa nimeshaona darasa zima likijificha nyuma ya mpaka wa nchi, na nilitaka niuondoe ule mpaka kwa dakika themanini tu.

Na jambo moja nililikataa: igizo. Mwalimu wa sanaa alipendekeza watoto waigize, hawa wawe wauaji na hawa wawe wahanga. Anayefundisha habari za mauaji ya kimbari asifanye hivyo. Mtoto anayeigiza muuaji huondoka na raha ya kucheza, anayeigiza mhanga huondoka na aibu, na hakuna aliyeonja kilichompata manusura. Nilikataa vilevile wazo langu mwenyewe la kumwomba K aeleze anavyojisikia. Yeye ni mwanafunzi, si kifaa cha kufundishia.

Nilikuwa na kishawishi kingine. Waliofungwa Auschwitz walichanjwa namba mkononi, na mimi nilikuwa na binti anayeitwa kwa namba. Ulinganisho ulikuwa mezani unaningoja. Niliuacha. Manamba walinyanyaswa, lakini hawakupelekwa mkongeni ili waangamizwe, na mtoto mwerevu angeliona hilo haraka akanirudishia somo lote.

Jumatano ya pili nilisoma polepole. Palikuwa kimya. Walidhani ni Kenya ya 2007, wengine wakasema Pemba, mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Hapa." Nilipofika mahali yule jirani wa jembe anapoacha kusalimia, E, msichana mkimya, akauliza: "Madam, huyu jirani alianza lini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalitafuta bila kulijua. Tukachora mstari ubaoni, wa jirani, si wa mtoto. Hapo ndipo nilipotaja nchi na miaka. Neno "inyenzi", mende, lilikuwa limeshatumika tangu miaka ya 1960 kwa wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa uhamishoni, likaja likawekwa juu ya kila Mtutsi, hata mtoto mchanga. (Huku kwetu mende ni kombamwiko, darasa lilicheka, kisha likaacha lenyewe.) Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapisha amri kumi zilizomfanya Mhutu anayeoa au kushirikiana na Mtutsi kuwa msaliti. Julai 1993 ikaanza redio RTLM. Hapa niliwaomba wanisikilize vizuri: redio ile ilipendwa kwa sababu ilichekesha. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walisema lugha ya kijiweni, wakapiga soga, wakatania. Baadaye, mauaji yalipoanza, redio hiyohiyo ilisoma majina ya watu na mahali walipo. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994, siku kama mia moja, Umoja wa Mataifa ulikadiria waliuawa watu kama 800,000. Serikali ya Rwanda inahesabu zaidi ya milioni. Kesi ya wenye redio na gazeti ilisikilizwa na mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha, basi la siku moja kutoka hapa, hukumu ikatoka Desemba 2003.

J alikuwa ameinama. Hakuna aliyemtaja.

Jumatano ya tatu niliandika ubaoni sentensi yake mwenyewe bila jina: "Ni utani tu." Nikauliza utani ni nini. Sikuwa na jibu tayari, na nashukuru. Kijana mmoja, baba yake Mnyamwezi wa Tabora, alieleza maziko ya babu yake: watani waliingia kaburini wakalala, wakakataa kutoka mpaka walipwe, watu wakacheka machozi yakiwatoka, kisha watani haohao wakashika majembe wakafukia. Mwingine akaongeza kwamba mtani akikutukana unamrudishia, na hakuna wa kukasirika. Wakaanza kujitungia vipimo. Mtani unaweza kumjibu. Mtani unamtania mbele ya wazazi wake. Mtani anakuja msibani.

Kisha E, yuleyule: "Kambini tumewahi kwenda msiba?"

Hakuna aliyewahi.

Jumatano ya nne nililazimika kurekebisha kosa langu la mwanzo, lile la Mhutu na panga. Niliwaeleza habari za Agathe Uwilingiyimana, Mhutu, mwalimu wa kemia aliyekuja kuwa Waziri wa Elimu na kufuta mgao wa nafasi za shule kwa kabila, kisha Waziri Mkuu. Wanajeshi walimuua asubuhi ya 7 Aprili 1994, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa. Na nikawaeleza habari za Jean-Paul Akayesu, naye aliyekuwa mwalimu, kisha kiongozi wa wilaya ya Taba, ambaye Septemba 1998 alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Walimu wawili, nchi moja, kabila moja. Niliwaacha waseme kabila limewaeleza nini juu ya watu hao.

Nikamalizia kwa Nyange. Machi 1997, miaka karibu mitatu baada ya mauaji, wapiganaji walivamia shule ya sekondari ya Nyange wakati wa maandalio ya usiku, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa. Wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa pale pale. Walikuwa na umri wa wanafunzi wangu na wamekaa kwenye madawati kama yao.

"Mimi ningejitenga, Madam," akasema J. Wenzake wakamzomea. Nikawanyamazisha. Lilikuwa jibu la kweli la kwanza alilonipa tangu Januari.

Matokeo

Darasani kwangu namba ziliisha, za mdomo na za vidole. Bombani na kituo cha daladala ziliendelea hadi likizo ya Juni, kwa watoto wa mikondo mingine. Monita aliomba mwenyewe kuvua cheo. Mkuu alikataa, na sijui kama alifanya vyema. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mtoto wake anaota ndoto mbaya tangu zile picha, na alikuwa na haki. Mwezi Agosti mzee mmoja alifariki kambini. Wanafunzi saba wa mkondo wangu walikwenda, J hakuwamo. Walikwenda na sukari kilo mbili na hawakujua wakae wapi.

K alimaliza mwaka. Alama zake hazikupanda wala kushuka.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni mstari wa jirani. Tukimfundisha mtoto habari za mhanga peke yake, anamhurumia, na huruma ile inaisha na kengele. Tukimfundisha habari za muuaji, anajitenga naye mara moja, kwani nani darasani anajiona muuaji? Jirani wa jembe hana mlango wa kutorokea. Kila mtoto anajua siku aliyoacha kumsalimia mtu.

Utani nao ulifaa, na ndipo ninapowasihi walimu wa pwani waangalie. Tunaujua utani vizuri kuliko mtaala wowote wa haki za binadamu. Vijana walijipimia kwa kipimo cha nyumbani, wakajikuta wamepungukiwa, bila mimi kuwaambia. Ningewaletea maneno ya mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari wangenakili na kusahau.

Makosa. La picha na Kiingereza nimeshalisema. Lipo ambalo sikulisema: kati ya Jumatano ya tatu na ya nne nilitoa kazi ya nyumbani, kila mmoja aulize mtu wa kwanza wa ukoo wao alifikaje Tanga. Nilitarajia wagundue kwamba wengi ni wa kuja, kwa reli, kwa bandari, kwa mkonge, na waone sote ni wageni. Wengi kweli walikuwa wa kuja. Lakini ukoo wa J ni wavuvi wa pwani hii tangu hapo hatujui lini, na alisimama akasema, "Basi sisi ndio wenyeji," na nusu ya darasa ikamwonea wivu. Nilikuwa nimejenga ngazi na kumpandisha juu yake. Swali la nani alitangulia kufika ndilo lililochezewa Rwanda, Watutsi wakiitwa wavamizi waliotoka Ethiopia. Nilipaswa kuliona mapema. Sikuliona.

Kosa kubwa zaidi nililisikia Novemba, siku ya mwisho, K aliporudisha vitabu. Nilimuuliza, kwa matumaini ya mwalimu anayetaka kusikia ahsante, masomo yale aliyaonaje.

"Yalikuwa mazuri, Madam," akasema. Akapanga vitabu, akavihesabu. "Ila kila ulipokuwa unasoma, walikuwa wananigeukia."

Nilificha nchi, nikaficha majina, nikakataa igizo. Darasa zima lilijua somo linamhusu nani, kwa kuwa lilikuja baada yake. Aliketi dawati la tatu kwa Jumatano nne akitazamwa na watu sitini, kwa wema.

Sasa simulizi ile naisoma wiki ya pili ya Januari, Kidato cha Kwanza, kabla sijayashika majina yao na kabla wao hawajapeana mengine.